Mwanangu, umeuliza tutaacha lini kuishi kwenye gari

Mwanangu mpenzi,

Voisi yako ya Jumamosi nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nilitoka nje nikakaa peke yangu baba yako asisikie maana ulikuwa unalia. Umeuliza mambo mawili, baba akizidiwa huko barabarani mtafanyaje, na mtaacha lini mrudi nyumbani. Nimeona nikujibu kwa kuandika, tukipigiana wewe ukianza kulia na mimi naanza, bando linaisha hatujaongea kitu.

Saivi tuko Busisi, tumepaki kwenye uwanja wa mama mmoja anauza sato wa kukaanga, tunamlipa elfu tano kwa siku na anatuchotea maji. Baba yako kalala, sukari yake asubuhi ilikuwa 8.2, sio nzuri sana ila sio mbaya.

Najua habari ya baba yako kuzidiwa Lamadi umeipata kwa baba yako mdogo, na najua kaikuza. Mimi nakupa ilivyokuwa. Siku ile kulikuwa na lori limelala barabarani hapo karibu na Magu, tukakaa kwenye foleni masaa mawili na nusu, na baba yako alikuwa kashachoma insulini yake ya jioni akijua tunafika kula muda si mrefu. Akala ndizi moja. Tulivyofika akasema kachoka atakula asubuhi, na mimi nikakubali, hapo ndo nilipokosea na hadi leo inaniuma. Kama saa tano usiku nikaamshwa na kitanda kinatikisika, namshika shingoni maji matupu, shuka limelowa kama limetoka kufuliwa, namwita jina ananijibu "fungua valvu, fungua valvu", akili yake ilikuwa kwenye injini ya meli, kazi yake ya zamani. Nikawasha tochi nitoboe kidole, stripu ya kupimia ya kwanza nikaiharibu kwa kutetemeka, ya pili ikasoma 2.6, sukari imeshuka sana. Nikamnyanyua nikamwegemeza kifuani kwangu nikampa soda nusu chupa, funda kwa funda maana alikuwa bado anameza (angekuwa hamezi nisingemwekea kitu mdomoni, ningepiga gari mbio hospitali), nikaangalia saa dakika kumi na tano, nikapima, 3.4, nikamwongezea soda, nikapima tena ikawa 5.1, ndo nikampa ugali na dagaa akala wote. Saa saba usiku akaniuliza mama nanii mbona unalia.

Sasa nisikilize mwanangu. Unakumbuka 2019 ilivyomkuta vile vile nyumbani Buswelu? Mimi nilikuwa kwaya, wewe ulikuwa chuo, alikutwa na mtoto wa jirani kaanguka jikoni na hatujui alikaa pale chini muda gani. Nyumba ile ina vyumba vinne na nilikuwa simsikii. Kwenye hii Coaster tunayoishi kutoka kitandani kwake mpaka kwenye jiko ni hatua tatu, akigeuka nasikia, akihema vibaya nasikia. Kwaiyo ukiniuliza akizidiwa itakuwaje, jibu langu la kwanza ni kwamba nitajua mapema kuliko nilivyokuwa najua nyumbani.

Toka Lamadi tumebadilisha utaratibu. Hachomi mpaka sahani iko mezani, naiona kwa macho yangu, hata kama ni wali wa mgahawani tunasubiri mpaka uletwe. Soda moja na paketi ya glukosi vinakaa kwenye mfuko wa mlango wa dereva na havinywewi na mtu. Michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, siwezi kumnyima, ndo chakula cha kwao, ila naihesabia, akila michembe na chai ugali unapungua. Kuendesha usiku tumeacha kabisa, saa kumi jioni tuwe tumeshapaki.

Insulini uliyouliza kama haiharibiki kwa joto, chupa ambazo hazijafunguliwa zinakaa kwenye kifriji kinachotumia sola, nyuzi 2 mpaka 8, na nimezisogeza mbali na ukuta wa barafu kwasababu ikiganda hata ikiyeyuka haifai tena, ni ya kutupa. Chupa inayotumika haihitaji friji, inakaa kama wiki nne ilimradi isipate joto kali, hiyo naiweka ndani ya chungu kidogo kilichokaa kwenye chungu kikubwa, katikati mchanga ninaoumwagia maji asubuhi na jioni. Friji iligoma siku nne tukiwa Musoma na chungu ndo kilituokoa.

Na miguu. Kila jioni kabla hajalala nakaa kwenye ndoo nimeipindua, naweka mguu wake kwenye paja langu na tochi, naangalia unyayo, kisigino, katikati ya kila kidole. Ganzi imepanda mpaka kwenye vifundo, mwezi wa tatu nilimtoa msumari mdogo uliokuwa umepita kwenye ndala na yeye hakuwa na habari, alikuwa ananihadithia mambo ya bandari ya Kemondo huku damu inatoka. Tangu hapo ni viatu vya kufunika, hata kwenda chooni. Ziwani haingii, ule ufukwe una kichocho na kidonda chake kimoja tu kinaweza kutupeleka pabaya. Ananiomba aweke miguu kwenye maji hata dakika moja, nakataa, na kumkatalia kunaniumiza.

Kuhusu hospitali, tulivyoanza tulikubaliana hatulali mahali palipo mbali zaidi ya masaa mawili na hospitali kubwa. Ndo maana miaka ile ya mwanzo upande huu wa Sengerema na Geita tulikuwa hatuji, unakumbuka foleni ya kivuko pale Kigongo, ukifika kivuko kimetoka unakaa jua linakuchoma na una mgonjwa, nilikuwa nikiwaza usiku tukihitaji kuvuka inakuwaje nakosa usingizi. Daraja la Kigongo mpaka Busisi lilivyofunguliwa Juni 2025 ikawa kitu kingine kabisa, ni kama kilomita 3, dakika chache uko ng'ambo, na toka hapa mpaka hospitali ya Bugando, Mwanza, ni kama saa moja. Baba yako tulivyopita mara ya kwanza alinisimamisha kabla ya daraja akasema nenda polepole sana, akafungua kioo akageuza uso upande wa maji mpaka tukamaliza.

Na daftari lipo. Dawa zote, dozi, vipimo vya figo kila miezi mitatu, presha yake na yangu, macho, maana kila hospitali mpya wanaanza kukuuliza upya na mzee anachanganya miaka. Kuna mahali walitaka kumwandikia dawa ya maumivu, nikafungua daftari nikawaonyesha kipimo cha figo, daktari akaifuta akaandika nyingine. Kurasa zote nimekupigia picha, zitunze.

Wale wazee wa Kiholanzi tuliokaa nao jirani Musoma, wenye lile lori la kuishi, mama ana betri ya moyo, waliniambia wao ramani yao wanaichora kwa kufuata hospitali kwanza ndo mandhari baadae. Wakasema Marekani wako wastaafu wengi wanaoishi hivi mwaka mzima, kule kuna viwanja maalum una umeme, maji, na pa kumwagia choo. Huku tunaomba kwenye nyua za watu, misheni, sheli, kwa mama wa sato. Ni kazi kweli, kumwaga ile ndoo ya choo kila siku ni kazi na mgongo wangu unajua, sikufichi.

Sasa swali la pili, lini tunaacha. Tumeliongea na baba yako kwa siku mbili.

Wewe unadhani safari ni ya kwangu na yeye nimemburuza, hapana mama. Miaka 27 alikaa chini kwenye chumba cha injini. Bukoba, Kemondo, Nansio, Musoma, bandari zote kafika na hakuona kitu zaidi ya geji na mafuta, wakati abiria wanashangilia mawe ya Mwanza yanatokea yeye yuko chini anasikiliza mashine. Daktari wa macho alivyomwambia mishipa ya nyuma ya jicho inavuja na kwamba leza itapunguza kasi tu, hairudishi kilichokwenda, tulivyotoka nje akaniambia mke wangu mimi hili ziwa sijaliona. Ndo siku tuliyoamua kupangisha nyumba. Na funguo za gari alinipa mwenyewe, kule Igoma, jioni, alimkosa bodaboda kidogo tu, akaegesha pembeni, akazima, akaniwekea funguo mkononi akashuka akaja kukaa upande wa abiria. Hatukusema neno mpaka nyumbani. Nikasomea udereva na miaka yangu 61.

Kwaiyo tumekubaliana hivi. Figo zikifika pa kusafishwa damu tunarudi wiki hiyo hiyo, maana ni mara tatu kwa wiki masaa manne manne, lazima ukae karibu na mashine. Goti langu la kushoto likishindwa klachi tunarudi, na tayari siku za baridi linanisumbua, nakuambia ukweli. Siku nikishindwa kumnyanyua peke yangu kama nilivyomnyanyua Lamadi, tunarudi, hata kama ni kesho. Macho yakizima kabisa nilidhani nayo tuiweke, yeye akakataa, akasema hiyo usiandike. Sijaiandika. Chumba cha uani Buswelu hatujampa mpangaji, kina kitanda, na funguo moja unayo wewe.

Ninachokuomba, usimpigie kila asubuhi kumuuliza sukari ngapi. Anaanza kukudanganya, nimemsikia, na akishakudanganya wewe ananidanganya na mimi. Muulize jana umeona nini. Na ukija Desemba niletee stripu boksi tatu, huku zinaisha madukani na bei inapanda, na uje na watoto, kitanda cha mbele kinatosha wawili.

Kliniki ni tarehe 14. Nitakupigia tukitoka, chochote watakachosema nitakuambia chote.

Kaamka anaita. Leo hakuna mwezi, mitumbwi ya dagaa imeshatoka na taa zao, yeye anaona mng'ao tu, anataka nikakae nae nimhesabie ziko ngapi.

Mama yako.