Maswali yenu ya safari: Guangzhou, Muscat, viza ya Schengen na ule mzigo wa "nifikishie tu"

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wanaosafiri kila baada ya miezi miwili mitatu, watu wanaojua eapoti kama wanavyojua stendi ya kwao. Na nilivyozisoma nimeona wengi wameponzwa na mazoea, yaani mwaka jana nilipita hivi basi na mwaka huu nitapita, wakati sheria zimeshabadilika. Tuanze.

*Shikamoo dada. Nauza nguo za watoto Kariakoo, China naenda mara tatu kwa mwaka. Safari iliyopita nilitoka Guangzhou na ndege ya ndani kwenda Yiwu, ule mji wa soko la jumla, pale ukaguzi wakaninyang'anya pawabenki, na ni ile ile niliyotoka nayo Dar bila shida yoyote! Halafu hela nayo, kila duka wanataka uskani, dola zangu zikabaki kama karatasi. Naenda tena Oktoba, naomba unisaidie. Muuza nguo, Kariakoo.*

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Hiyo ya pawabenki imewakuta wengi. Kuanzia tarehe 28 Juni 2025 China hawaruhusu kwenye ndege zao za ndani pawabenki isiyo na alama ya 3C, ni kialama kidogo kimeandikwa CCC kwenye mwili wa kifaa, na nyingi tunazonunua huku hazina. Kwahiyo ukifika Guangzhou nunua yenye alama hiyo uwe unatembea nayo. Na hata kwa ndege za kimataifa kuna kipimo chake, haitakiwi kuzidi Wh 100, hicho ni kipimo cha umeme unaobebwa na betri, mpaka shirika likupe ruhusa, na siku zote inakaa kwenye begi la mkononi sio la chini. Hesabu yake rahisi, chukua namba ya mAh iliyoandikwa kwenye kifaa zidisha 3.7 gawanya kwa 1,000, ya 20,000 inakuja 74 hiyo salama, ya 30,000 inakuja 111 hiyo inaweza kukutia kwenye mzozo. Ila mimi ningekuwa wewe Yiwu ningeenda na treni ya kasi, tiketi inakaa kwenye paspoti yako na unaona nchi.

Hela sasa. Kabla hujatoka nyumbani, ukiwa na intaneti yako nzuri, pakua Alipay na WeChat zote mbili, ndo programu za simu wanazolipia kule, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, piga picha paspoti wakuthibitishe. Usisubiri mpaka ufike maana meseji ya benki ya kuthibitisha ikigoma ukiwa kule utalia. Manunuzi chini ya yuani 200 hawakukati ada, ikizidi hapo wanakata asilimia 3, kwahiyo malipo makubwa ya mzigo wapitishie kwa mtu wako wa kago au benki kwa njia mliyokubaliana. Na ujue kwa kadi ya nje kumtumia mtu binafsi mara nyingi inagoma, inakubali kulipa duka lililosajiliwa, na kuna wauzaji wadogo wanakuonyesha msimbo wao binafsi hapo ndo unaona inakataa, basi beba yuani taslimu kidogo za dharura. Ukiingia na dola zaidi ya 5,000 unatakiwa uzitangaze forodha, zitangaze tu, hakuna anayekula hela yako kwa kuitangaza, shida inakuja ukikutwa hujasema. Laini yako ya nyumbani usiiache, iwekee kifurushi cha romingi, kwasababu data ya romingi inapitia mtandao wa kwenu na WhatsApp inafanya kazi, laini ya China peke yake WhatsApp na Google hazifunguki.

Lakini kitu kikubwa kwenye barua yako ni neno Oktoba. Tarehe 1 Oktoba ni sikukuu yao ya taifa na mapumziko yanaenda karibu wiki nzima, viwanda vinafunga, treni zinajaa, hoteli bei juu. Kisha tarehe 15 maonyesho ya biashara ya Canton yanaanza hapo hapo Guangzhou, yale yanayofanyika tangu 1957, na vyumba vya Guangzhou vinapanda tena. Ukiwa unataka soko tu basi ingia tarehe 8 utoke kabla ya 15. Ukitaka maonyesho, nguo na vitu vya watoto viko awamu ya tatu, tarehe 31 Oktoba mpaka 4 Novemba, ukienda awamu ya kwanza utakutana na mashine na vifaa vya umeme utasema nimedanganywa. Na usikae mtaa wa Xiaobei tu kwasababu kuna chakula cha nyumbani na watu wa Kiswahili, nguo za watoto Guangzhou ziko Zhongshan Ba Lu, na ukiwa tayari Yiwu basi uliza habari za Zhili, mji mdogo kule Huzhou ambao kazi yake ni kushona nguo za watoto, wenzako wengi hawajafika huko na bei utaiona mwenyewe.

*Assalamu alaikum dada. Mimi wa Mombasa, mamangu mdogo yuko Muscat nshaenda mara nne, lakini kila nikienda ni kukaa sebuleni na kula. Safari hii mwezi wa saba nna siku tatu za kuzunguka. Niende wapi?*

Waalaikum salaam kaka. Nakusifu kwa kumtembelea mama, lakini mwezi wa saba Muscat ni moto, digrii 40 na zaidi, utarudi sebuleni tu hata ungetaka kutembea. Mimi nakwambia mchukue mama mdogo muende Salalah. Huko kusini, Dhofar, kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba kuna kipindi wanakiita khareef, pepo za kusi zinaleta manyunyu na ukungu, milima inakuwa kijani na Waomani wenyewe wanakimbilia huko. Ni kama kilomita 1,000 kutoka Muscat, panda ndege ya ndani usijitese na barabara, na chumba kiweke mapema maana ni msimu wao.

Utakachokipenda wewe mtu wa pwani ni kwamba barabarani kuna vibanda vya madafu, ndizi na mapapai, utadhani uko Mtwapa. Nenda bonde la Wadi Darbat, nenda Mughsail kuna mashimo kwenye mwamba bahari inaruka juu, na Al Baleed kwenye magofu ya bandari ya zamani ya ubani, UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani kutoka Morocco, aliyepita kwenu Mombasa mwaka 1331 akaenda Kilwa, jahazi lake lilipotoka Kilwa lilielekea Dhofar, ni huko huko utakakokuwa umesimama, mimi nilisimama pale nikatazama bahari muda mrefu sana.

Ukibaki na siku moja Muscat nenda soko la Mutrah jioni, mchana wanafunga. Ijumaa asubuhi na mapema kuna mnada wa mbuzi Nizwa, hapana mfano wake. Halafu angalia riale, moja ni kama dola 2.6, watu wanaona namba ndogo wanalipa bila kufikiri, riale 15 ya teksi inasikika kidogo lakini ni dola 39. Na Kiswahili chako tumia bila aibu, wazee wengi kule walizaliwa Unguja.

*Habari dada. Mimi mtafiti wa samaki Mwanza, kila mwaka naalikwa Ujerumani na Uholanzi mara mbili au tatu. Kila mara napewa viza ya kuingia mara moja, naanza upya na ada na foleni. Hivi hakuna namna?*

Ipo kaka, na watu hawaiombi. Sheria ya viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, inasema ukishapata viza tatu ndani ya miaka miwili iliyopita na ukazitumia vizuri, unastahili viza ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja. Ukitumia hiyo vizuri unafuata ya miaka miwili, halafu ya miaka mitano. Kwahiyo kwenye fomu weka tiki kwenye kuingia mara nyingi, andika barua fupi utaje viza zako za nyuma kwa tarehe, ambatanisha kopi zake hata zile za paspoti ya zamani, na barua za mialiko ijayo kama unazo. Paspoti ya zamani usiitupe, ndo ushahidi wako! Wanaweza kukataa wakiona sababu, lakini usipoomba ofisa hana sababu ya kukupa. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima ya matibabu ya safari iwe ya kugharamia kuanzia yuro 30,000, na maombi unaweza kupeleka hadi miezi sita kabla ya safari, sasa wewe mwaliko unao Januari unasubiri nini mpaka wiki tatu kabla.

Halafu siku. Ni 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Viza ya miaka miwili haikupi ruhusa ya kuishi huko, hesabu ni ile ile. Zamani mihuri ilikuwa inafutika mtu anabahatisha, sasa kuanzia tarehe 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha mpakani, kompyuta ndo inahesabu, na siku moja tu ya kuzidisha itaonekana utakapoomba tena.

*Dada, naongoza watalii Arusha. Nilinunua tiketi mbili za bei rahisi nibadilishe ndege Istanbul, kumbe ya pili inatokea kiwanja kingine, sina viza ya Uturuki, ndege ikaniacha na begi likapotea siku nne. Nilipwe na nani?*

Pole sana. Istanbul ina viwanja viwili, mpya uko upande wa Ulaya na Sabiha Gökçen uko upande wa Asia, na kutoka kimoja kwenda kingine lazima utoke nje kwahiyo viza lazima. Tiketi zikiwa mbili tofauti shirika la kwanza halina deni la ndege ya pili, hapo kwa kweli hela imeenda. Unafuu ule wa dola mia kwenye tiketi ndo unakula hivi, mimi siku hizi nanunua tiketi moja mpaka mwisho basi.

Begi ni habari nyingine, hapo una haki. Mkataba wa Montreal wa 1999, na Tanzania imo, unakupa siku 21 tangu ulipokabidhiwa begi kuandika madai ya kuchelewa, na siku 7 kama limeharibika. Una ile fomu uliyojaza kaunta ya mizigo? Kama unayo, weka na risiti za nguo na mswaki ulivyonunua, waandikie leo.

*Dada shikamoo. Kila nikienda Dubai jirani ya mama mkwe ananipa kifurushi nimpelekee mwanae, safari hii kasema ni dawa za maumivu na majani ya chai. Naona aibu kukataa. Msomaji, Tanga.*

Marahaba mwanangu. Usibebe! Naandika hili moyo ukiniuma maana kuna vijana wetu wako magerezani nje sasa hivi na walianza hivi hivi, kwa kifurushi cha mtu wanayemheshimu. Tramadoli na dawa zenye kodeini zinadhibitiwa vikali Emirati, hata za kwako mwenyewe zinataka kibali kabla hujasafiri pamoja na karatasi ya daktari, sembuse za mtu mwingine. Na majani nani amekwambia ni chai? Miraa kule ni kosa kubwa, na ikikaushwa ikafungwa vizuri huwezi kuijua. Kaunta wanakuuliza begi umelipanga mwenyewe, ukijibu ndiyo basi kila kilichomo ni chako, jirani hatasafiri kuja kukutetea.

Aibu ya kukataa naielewa, ni mama mkwe na mtaa mzima utasikia. Basi usimpe jirani jibu la mlangoni. Nenda kwa mama mkwe mwenyewe jioni ukae chini, mweleze kuwa Dubai wanafunga mtu kwa vidonge vinavyouzwa hapa dukani, umwombe yeye ndo aongee na jirani, kwamba mwanae anunue dawa huko huko kwa karatasi ya daktari wa huko.