Vihisi nyumbani kwa mama

SWALI: Mama ana miaka 78, anaishi peke yake kijijini Vihiga. Mimi nafanya kazi Kisumu. Kaka yangu aliye ng'ambo anataka tumwekee vihisi vya mwendo nyumbani. Je, huko si kumpeleleza mzazi? – Binti, Kisumu

JIBU: Binti yangu, nimeuguza wazee miaka mingi, na swali lako limenigusa. Kihisi cha kawaida cha mwendo si kamera. Kinanasa joto la mwili linaposogea. Sura na sauti hakichukui.

Faida yake ni kuonyesha mabadiliko. Mama aliyezoea kuamka mara moja usiku akianza kuamka mara nne, apimwe sukari na maambukizi ya njia ya mkojo. Kama choo kiko nje, kihisi kiwe kwenye mlango wa nyuma. Watafiti wa Oregon, Marekani, wamefuatilia hata kasi ya kutembea nyumbani, kwa kuwa mwendo unaozidi kupungua huweza kutangulia maradhi ya usahaulifu.

Lakini kifaa hakimwinui aliyeanguka. Stima ikipotea au mtandao ukikatika, kinaweza kunyamaza kabisa. Tafuteni kwanza jirani mwenye ufunguo, na mjulisheni mhudumu wa afya ya jamii.

Halafu muulizeni mama mwenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na nyumba ni yake. Akikataa cha chumbani, kisiwekwe. Akikubali, naye aelezwe kila mnachokiona.