Desemba ukweni Newala, mvua ikinyesha

Mimi ni mtu wa Temeke, Dar es Salaam. Nimezaliwa huko, nimesomea huko, na mpaka leo usingizi wangu mzuri ni ule wa kusikia bajaji zikipita na redio ya jirani ikilia kwa mbali. Nilipoolewa na kijana wa Newala, mkoani Mtwara, nilijua kabisa ipo siku nitapanda basi la kusini kwenda kukaa ukweni wiki mbili, na kwamba siku hiyo itaangukia Desemba, maana ndipo shule zinapofungwa na ofisi yetu inapotoa likizo. Desemba Newala ni mwezi wa mvua. Nimeshakwenda mara nne. Mara ya kwanza niliteseka, na nikawatesa walionipokea. Naandika haya kwa ajili ya yule ambaye tiketi ameshakata na moyo wake mzito.

Nyumba ya wakwe zangu iko nje kidogo ya mji wa Newala, njia ya kwenda Kitangari, katikati ya mikorosho. Safari ile ya kwanza mvua ilianza jioni tuliyofika na haikukatika vizuri kwa siku tatu. Umeme ukakatika usiku wa kwanza. Mtandao wa simu unashika chini ya mwembe mmoja tu, na chini ya mwembe huwezi kusimama radi zikipiga. Nikajifungia chumbani, nikawa nahesabu asilimia za chaji: sitini, arobaini na mbili, kumi na tisa. Siku ya nne asubuhi nikatoka chumbani, nikaenda jikoni nikasema, mbele ya watu, "Mvua hii imetuharibia likizo kweli."

Mama mkwe alikuwa anachochea moto. Hakunijibu palepale. Alisogeza kuni, akapuliza, moto ulipowaka ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa kwetu mvua hatuisemi vibaya."

Niliona aibu, lakini sikuelewa. Aliyenielewesha ni yeye mwenyewe, jioni ile, tukichambua mbaazi. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na udongo wa juu kule haushiki maji. Mvua ikinyesha inazama moja kwa moja chini, maji yanakuja kutokea kwenye mabonde, huko chini kabisa ya mteremko. Alipokuwa msichana, yeye na wenzake walikuwa wanaondoka usiku wa manane kushuka bondeni, wanapanga foleni kwenye chemchemi, halafu wanapanda mlima na ndoo kichwani jua likiwa limeshachomoza. Kila siku ya kiangazi. Upo mradi wa maji wa Makonde unaosukuma maji kutoka Mitema, bondeni, kuyapandisha juu kwa pampu, lakini pampu ni pampu: umeme ukisumbua, bomba nalo linasumbua. Ndiyo maana karibu kila nyumba yenye bati ina kisima chake cha saruji uani, cha kuvunia maji ya mvua. Kikijaa, una maji ya miezi. Kisipojaa, unanunua kwa ndoo.

Mimi nilikuwa nimelala chumbani nikinung'unikia kitu ambacho nyumba nzima ilikuwa inakisubiri tangu Mei.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama huna muda wa kusoma mengine basi chukua huu: usikae pembeni ukingoje mvua ikatike ndipo likizo ianze. Tafuta mvua ile ina kazi gani pale nyumbani, kisha omba kipande cha kazi hiyo kiwe chako. Usiombe "nisaidie nini?", kwa sababu mgeni akiuliza hivyo anajibiwa "kaa tu upumzike." Omba kitu chenye jina.

Changu kilikuwa gata. Gata ni ile mifereji ya bati inayopita ukingoni mwa paa na kupeleka maji kisimani. Mvua za kwanza haziingizwi. Kuanzia Juni watu wanapuliza unga wa salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na unga ule wa salfa unasafiri na upepo unatua kwenye mapaa, pamoja na vumbi, majani makavu na vinyesi vya ndege. Mtu anatakiwa kuligeuza bomba la kushushia maji yamwagike uani mpaka yawe meupe, ndipo alirudishe kisimani. Inabidi usimame pale, kanga kichwani, ukinga maji kwenye kikombe cheupe na kuyaangalia. Kwanza yanatoka rangi ya chai. Baadaye ya majani ya chai yaliyorudiwa mara ya pili. Halafu unafika wakati unaona chini ya kikombe. "Tayari, mama!" Bomba linarudi, na unasikia mlio wa maji yakidondoka ndani ya kisima kitupu, mlio mzito unaopungua kidogo kidogo kadiri yanavyopanda. Sijui niueleze vipi mlio huo kwa mtu aliyekulia na bomba la Dar. Mama mkwe alikuja kusimama kando yangu, hakusema kitu.

Kuanzia hapo nikapata mchezo wangu mwenyewe, nao ulitokana na kazi ninayofanya mjini, maana mimi ni mhasibu. Mtoto wa shemeji yangu yuko darasa la tano. Tulichukua kopo tupu la maziwa ya unga, lile lililonyooka kutoka chini hadi juu, tukaliweka uwanjani mbali na miti na kuta. Mvua ikikatika anaingiza rula, anasoma milimita. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la nyumba kubwa tulilipima kwa hatua na kamba: mita 8 kwa mita 7, yaani mita za mraba 56. Mvua ya milimita 20 ni lita 1,120, sawa na ndoo 56 za lita ishirini, ukitoa zinazomwagika pembeni. Mtoto alipomaliza hesabu alikimbia kwa bibi yake kumwambia, "Bibi, leo umeshushiwa ndoo hamsini na sita na hujabeba hata moja!" Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Ukiwa na mtoto anayelia kwamba hakuna katuni, jaribu hilo la kopo. Linamaliza wiki mbili.

Kazi nyingine ya mvua ni kupanda. Hapa sitakudanganya, jembe linachosha, na siku ya pili mgongo wangu ulikataa. Lakini kudondosha mbegu kila mtu anaweza: mwenzako anatangulia anachimba shimo, wewe unafuata unatia punje mbili au tatu za mahindi, unafukia kwa mguu, hatua moja, shimo lingine. Kunde na njugu mawe nazo zina siku zao. Asubuhi mbili nilizofuatana na wifi yangu shambani nilijua habari za ukoo ule kuliko miaka miwili ya kuzungumza kwenye simu. Watu wa kule wanazungumza mikono ikiwa na kazi. Ukiwakalisha sebuleni mkatazamana, mnaishia "habari za Dar?" na "nzuri."

Korosho ni suala jingine. Desemba msimu mkubwa unaelekea mwisho, nyingi zimeshakwenda ghalani kusubiri mnada, lakini zinabaki za kuokota na za nyumbani, na mvua ni adui wa korosho iliyoanikwa. Ikilowa inapoteza daraja, na daraja ndiyo bei. Wingu likitanda, kila mtu aliye karibu na turubai anakimbia kuizoa, mgeni akiwemo. Usiulize, kimbia.

Na siku za mvua ndizo za kubangua za kula. Tulikaa kwenye banda la jiko, shemeji akaweka bati lililotobolewa juu ya moto akazimwagia korosho mbichi na maganda yake. Zikianza kupata moto, ganda linatoa mafuta meusi yanayotoka na kuwaka, ndimi za moto zinapanda ghafla, moshi wake unakaba koo. Anazipindua kwa mti mrefu, kisha anazimwaga mchangani moto uzimike. Unapaka majivu mikononi, unasimamisha moja juu ya jiwe, unaigonga kwa kipande cha mti, pigo moja ubavuni. Ukiipiga sana unapata unga, ukiipiga kidogo inaruka. Zingatia majivu. Mafuta yale yanaunguza ngozi, mimi nilipuuza siku ya kwanza na ncha za vidole vyangu vitatu zilibabuka wiki nzima. Watoto wadogo wakae upande ambao moshi hauendi. Lakini korosho ya moto, umeimenya mwenyewe, nje mvua inapiga bati... za kwenye pakiti nazinunua bado, ila siku hizi najua nimekosa nini.

Chakula cha mvua ni chepesi kukizoea ukikubali mapema. Ugali wa makopa, yaani mihogo iliyomenywa na kukaushwa kiangazi, una rangi na harufu yake, si ule wa sembe. Kula na mbaazi za nazi, au na majani mabichi ya kunde yakianza kutoka, au uyoga kama umepatikana. Uyoga waachie wenyewe wauchume, usiokote chako. Maembe yapo ya kumwaga.

Sasa mambo ya mkobani, haraka. Yeboyebo za kukanyagia uani na mabuti ya mpira ya njiani, maana udongo mwekundu ukilowa unateleza na bodaboda zinaanguka. Tochi ya kichwani, kwa sababu choo kiko nje na usiku unahitaji mikono yote miwili. Powabenki mbili zilizojaa. Chandarua chenye dawa, chako mwenyewe, kama huna uhakika na kile utakachokikuta, na ukihisi homa, ukiwa kule au baada ya kurudi, nenda ukapime malaria siku hiyohiyo. Jinzi ziache Dar. Hazikauki. Kanga nne zinakauka.

Barabara nayo uiheshimu. Kutoka Mbagala unavuka daraja la Mkapa pale Rufiji, unapita Somanga, Nangurukuru, Mingoyo, Ndanda, Masasi, ndipo unapanda kwenda Newala. Ni siku nzima hata kukiwa kukavu. Mei 2024, mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya zilikata barabara upande wa Somanga, na kusini kukawa hakuingiliki wala hakutokeki kwa magari. Desemba si Mei, lakini tangu hapo sipangi tena kurudi Jumapili ili Jumatatu niwe kazini. Najiachia siku mbili katikati. Mwaka mmoja basi letu lilikwama kwenye matope kwa muda wa saa sita, kondakta hakutuambia lolote, na waliopanga siku zao kwa kubana ndio walioumia.

Nisisitize jambo ambalo wengi wanalionea haya: si lazima uanze kupenda shamba. Mimi bado ni mtu wa Temeke. Nilichofanya ni kukubaliana na mume wangu, kabla hatujapanda basi, vitu viwili vya kwangu ambavyo havigusi mtu. Kimoja, saa moja ya mchana mvua ikinyesha, mlango umefungwa, nasoma kitabu changu na hakuna anayeniita. Yeye ndiye aliyewaeleza wazazi wake, maana maneno hayo yakitoka kwa mkwe yanakuwa mengine. Cha pili, siku moja kila wiki tunakwenda Newala mjini, mvua isiyo kali haituzuii. Nanunua vocha, nakunywa soda baridi, nasikia kelele za soko, nachaji kila kitu. Kisha tunapita Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa uwanda. Ukifika mvua imetoka kukatika, ukungu unakuwa chini yako. Ukungu huo unapanda polepole, unaachia mwanya, na ndani ya mwanya ule unaona bonde lote hadi upande wa mto Ruvuma, na Msumbiji ng'ambo. Mimi si mtu wa mandhari, lakini pale nimewahi kusimama mpaka mume wangu akaja kunishika mkono tuondoke.

Kama mwenzi wako ndiye mwenyeji, mwambie ukweli mapema. Mimi nilikaa kimya siku tatu, halafu nikayasema jikoni mbele ya mama yake. Mume wangu angeyasikia kwanza, usiku ule wa kwanza, tusingefika huko. Na kama wewe ndiye mwenyeji, usimwambie mgeni wako "utazoea." Mwonyeshe kisima.

Lile kopo lipo bado. Wiki iliyopita nikiwa kwenye daladala, Mtoni kwa Azizi Ali, foleni haisogei na mvua inapiga vioo, simu ikatoa mlio. Ilikuwa namba ya shemeji, lakini mwandishi nilimjua.

"Mama mdogo, leo 34. Ndoo 95. Bibi anasema kisima kimebakiza shubiri moja."