Maswali na majibu: kaa na yai kwanza

Wiki hii maswali ya uchoraji mmeyamwaga kweli, ila nusu ni lile lile la penseli, ngoja nilimalize mapema.

Kaka, naanza kuchora, ninunue penseli gani?

HB ngumu kidogo, 2B laini, 6B laini na nyeusi zaidi, basi. Unauliza mara ya tatu na hata kikombe hujachora.

Nina miaka 52, nataka kujifunza ile michoro ya kizamani, sijachelewa?

Hujachelewa mama. Van Gogh, yule mchoraji Mholanzi, alishika uchoraji 1880 ana miaka 27, kauza picha dukani kashindwa, kahubiri kashindwa, na alianza na nini? Kunakili tu. Alichukua kozi ya Charles Bargue, michoro ya kunakilia ya Mfaransa huyo, zile sanamu za plasta, mikono, miguu, akanakili moja moja, halafu 1890, mwaka aliokufa, akairudia Bargue tena. Sasa nyie wiki ya pili mnataka kuchora mjukuu anacheka meno yote nje.

Nachora sura za wateja kwa gridi, ile ya kugawa picha viboksi, kutoka kwenye picha za simu, wanasifia, lakini mimi naona zimekufa. Tatizo nini?

Simu, mdogo wangu. Kamera imeshaona kwa niaba yako, vivuli imevifanya giza tupu, pua imeivuta mbele maana mteja kajipiga selfi mkono umekunjwa, na wewe unahamisha kiboksi kimoja kimoja kama karani, unanakili makosa kwa umakini mkubwa. Weka yai kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha, zima taa, kaa nalo saa nzima. Fumba macho nusu mpaka vitu vidogo vidogo vipotee. Utaona upande wa kivuli sio mweusi, kule chini kuna kamwanga kamerudi kutoka kwenye karatasi yenyewe, na pale yai linapogusa karatasi kuna kamstari kembamba keusi kuliko vyote. Hako kamwanga hata kakuvutie vipi bado kana giza kuliko sehemu yoyote inayopigwa na dirisha, na hapo ndo wengi wanaharibu, wanakang'arisha, yai linageuka la bati. Ukiliweza yai ndo urudi kwenye macho ya mteja, ile nyeupe ya jicho uliyoiacha karatasi tupu ni kijivu, kope ya juu inaitupia kivuli, ndo maana watu wako wote wanaonekana kama wamegongewa mlango usiku.

Rangi ya mafuta inaweza kukaa juu ya akriliki, ile rangi ya kuchanganya na maji?

Ndiyo, akriliki ikikauka. Ukigeuza, akriliki juu ya mafuta, itabanduka. Na mafuta juu ya mafuta, tabaka la chini liwe na mafuta kidogo, la juu ndo lizidi, la sivyo litapasuka. Hujauliza lakini nakwambia: matambara yenye mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani yanayochanganywa na rangi, usiyafinyange ukayatupia kwenye kona, yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka bila kiberiti. Loweka kwenye maji au tandaza nje moja moja. Na tapentaini dirisha wazi, sio chumbani mtoto kalala.

Mbona unaponda gridi wakati hata Dürer, yule mchoraji Mjerumani wa zamani, alitumia?

Alitumia, sikatai. Ila 1484 akiwa na miaka 13 alishajichora kwa kujitazama kwenye kioo, kwa ncha ya fedha, kijiti cha madini ya fedha cha kuchorea, ambayo mstari wake haufutiki. Wewe raba yako imebaki nusu.