Panya Aliyetulia Si Lazima Awe na Hofu

Kama ndio unaanza kupima hofu kwa panya wa maabara hapa Nairobi, sikia kosa lililonila wiki tatu.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Siku ya kwanza panya anatiwa kisandukuni, anasikia mlio wa sekunde 20 au 30, na unapokaribia kukatika anapigwa na umeme mdogo nyayoni kupitia vyuma vya sakafu. Kesho yake anarudishwa mlemle, kimya, tuone kama anapakumbuka. Halafu anahamishiwa kisanduku kigeni, na humo ndimo mlio unapigwa. Tunahesabu sekunde anazoganda: hasogei, hageuzi kichwa, hata sharubu hazichezi, ni mbavu tu zinazopanda na kushuka.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na unyasi wangu ulikuwa spiriti. Kisanduku cha pili nilikibadilisha sakafu, kuta na taa, kisha nikakipangusa kwa spiriti ileile ya asilimia 70 niliyosafishia cha kwanza, harufu ikawa moja. Panya wakaganda kabla mlio haujalia. Mimi mbio nikaandika kwamba wanaukumbuka mlio ajabu. Msimamizi akauliza, "Kabla ya mlio waliganda kiasi gani?" Nikaganda mimi.

Siku hizi cha pili nakisafisha kwa siki na maji, na dakika tatu za kwanza za ukimya nazihesabu kivyake. Si urembo huo. Mwaka 1992 watafiti Kim na Fanselow walionyesha kuwa panya aliyeharibiwa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kukumbuka mahali, siku moja baada ya mafunzo hupoteza hofu ya mahali, ila mlio bado humtisha. Ukivichanganya hivyo viwili, hujui umepima nini.

Programu ya kamera nayo usiikabidhi kila kitu. Yetu ilimhesabu panya aliyesinzia kuwa ameganda! Tazama video chache mwenyewe, na mwenzako azihesabu bila kujua nani alipigwa umeme. Majike waangalie zaidi: utafiti wa Gruene na wenzake wa 2015 uliona baadhi yao wakichomoka mbio badala ya kuganda. Ukihesabu kuganda peke yake, utasema hawakujifunza kitu.

Na stima ikipotea, jenereta ikanguruma katikati ya kipimo, panya huyo mtoe kwenye hesabu kabla hujaona alama zake. Saa ya tukio naiandika daftarini kwa kalamu, maana kompyuta nayo huwa imezima.