Je, mwajiri naye anachangia SHA?

Dada, umeuliza kama ile 2.75% ya mshahara unayokatwa kwa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, mwajiri naye anaongeza yake. Haongezi. NSSF (akiba ya uzeeni) na ushuru wa nyumba mwajiri huchangia sawa na wewe, lakini hii ya SHA hutoka mshahara wako peke yake. Kazi ya mwajiri ni kukata na kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Tangu Oktoba 2024 NHIF, bima ya afya ya zamani, ilipoondoka, maumivu hayajagawanyika sawa. Wa mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi alikuwa akikatwa 750, sasa ni 550, na hilo mimi naliunga mkono kabisa. Wa 100,000 alikuwa na 1,700, sasa 2,750, na hakuna kikomo huko juu. Afueni ni kwamba tangu mwisho wa Desemba 2024 makato haya hutolewa kwenye mshahara kabla ya kupigiwa PAYE, yaani kodi ya mapato. Kwa huyo wa 100,000, kodi inapungua kama 825, kwa hiyo mzigo halisi ni karibu 1,925.

Kinachonikera ni waajiri wanaokata na kukalia pesa. Hati ya mshahara inaonyesha umelipa, halafu unafika mapokezi na mtoto ana homa, unaambiwa akaunti haijalipiwa. Huo ni wizi. Piga *147# uangalie hali yako leo, kabla hujaugua. Ukikuta mwezi umerukwa, peleka hati zako kwa ofisi ya SHA iliyo karibu, na mhasibu wenu aandikiwe barua, asiambiwe kwa mdomo tu.