Daktari Anajibu: Kisukari na Hesabu Zinazokatika Njiani

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 62, anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na ameishi na kisukari kwa miaka 13. Zamani alipiga hesabu za ndoo na madeni yote kwa kichwa, lakini siku hizi akifika katikati hunyamaza, kisha huanza upya, na juzi alimdai mteja mmoja mara mbili. Kaka zangu wanasema ni uzee. Shangazi anasema amerogwa. Je, sukari inaweza kufika kichwani? (Binti, Mwanza)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umemtazama mama yako kwa makini, maana ulichokieleza ni mtu ambaye kujumlisha anakujua vizuri, ila kile alichokishika kinamponyoka kabla hajafika mwisho. Ubongo, ambao ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Hesabu ya dagaa haifanywi na sehemu moja ya ubongo, kwani sehemu ya mbele inayopanga na sehemu za ndani zinazotunza kumbukumbu hupashana habari kupitia nyuzi ndefu za neva. Nyuzi hizo hulishwa na mishipa midogo ya damu, jamii ileile ya mishipa ambayo kisukari huiharibu machoni na kwenye figo. Sukari ikikaa juu miaka mingi, hasa pamoja na presha, mishipa hiyo hukakamaa, nyuzi hukosa lishe, na habari huchelewa njiani. Vipimo vya MRI, yaani vya kupiga picha za ubongo, vimeonyesha mawasiliano hafifu kati ya sehemu za ubongo kwa watu wengi wenye kisukari cha aina ya 2, na ndiyo maana mara nyingi wepesi wa kufikiri hupungua mapema, wakati majina ya watoto na wajukuu bado yapo palepale.

Kwa hiyo sioni uchawi hapa, na miaka 62 peke yake haitoshi kuwa sababu.

Kabla ya yote, hata hivyo, naomba uandike ni saa ngapi anapokuwa hivyo. Ikiwa ni asubuhi, baada ya kutoka nyumbani alfajiri kuwahi mitumbwi, akiwa amejidunga insulini au amemeza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) bila kula, huenda sukari imeshuka, nayo huvuruga akili papo hapo. Akitoka jasho na kutetemeka mikono, mpime kidoleni. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, mpe vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari katika maji, umpime tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu, usimtie chochote kinywani, mkimbizeni hospitali. Fanyeni vivyo hivyo mdomo ukipinda ghafla au mkono ukilegea, kwa sababu hicho huenda ni kiharusi.

Kliniki, mwambieni daktari habari hii ya hesabu, wala msiishie kwenye kipimo cha sukari. Kama anatumia metformini, kidonge cha kisukari, kwa miaka mingi, aulizwe kuhusu vitamini B12, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake hudhoofisha kumbukumbu lakini hutibika. Mnunulieni daftari la madeni, na tafadhali, asisahihishwe mbele ya wateja wake.

SWALI: Baba ana miaka 74, ana kisukari na anasahau sana. Kliniki wamesema sukari yake isishushwe mno. Je, wamemkatia tamaa? (Msomaji, Ukerewe)

JIBU: Hapana. Kwa mzee anayesahau, madaktari wengi hulenga wastani wa sukari wa miezi 3 (kipimo cha damu kiitwacho HbA1c) uwe chini ya asilimia 8, badala ya 7, kwa sababu kushuka sana kwa sukari ni hatari kubwa zaidi kwake. Utafiti mkubwa wa kisukari uitwao ACCORD, uliofanyika Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba kuibana sukari kwa nguvu hakukuwaongezea wagonjwa kumbukumbu. Msaidieni ale kwa wakati, na mmoja wenu amshikie dawa zake, asije akameza mara mbili.